"Unafanya nini?" kwa Kiingereza ni maswali mawili: jibu kwa mgumu wa Moshi

Swali limetoka kwa kijana wa Moshi, mbeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro (huko mbeba mizigo anaitwa mgumu), nimelifupisha kidogo tu: "Shikamoo mwalimu. Mi ni mgumu, mwaka wa nne sasa nabeba mizigo mlimani, natafuta kuhamia kwenye kuongoza wageni. Juzi kambini mama mmoja Mzungu kaniuliza 'What do you do?' nikamjibu 'I am carrying hot water', na kweli nilikuwa na ndoo ya maji ya moto mkononi, meza nzima ikacheka. Afu kuna kampuni niliiandikia barua ya kuomba nafasi, nikaweka 'I am living in Moshi, I am speaking English, I am knowing the mountain', wakanirudishia imezungushiwa wino mwekundu kila mstari, maelezo hakuna. Na hii s ya mwisho ndo kabisa, naisahau inapotakiwa naiweka isipotakiwa. Nitajuaje wapi ni simple present na wapi ni ile ya -ing?"

Marahaba mdogo wangu, na pole na mizigo. Nikutoe wasiwasi kwanza, ile meza haikucheka Kiingereza kibovu, "I am carrying hot water" ni sentensi safi haina hata kosa la kuokota, ila umejibu swali ambalo hukuulizwa. Yule mama alitaka kujua kazi yako duniani ni nini, we ukamtangazia kilichoko mkononi mwako dakika ile. Ni kama mtu akuulize "unatokea wapi ndugu yangu" anataka kujua kwenu ni wapi, we umjibu "natokea jikoni". Hujasema uongo, ila lazima watu wacheke.

Sasa chanzo cha yote haya ni hiyo -na- yetu. Kwa Kiswahili "unafanya nini?" naweza kukuuliza nimekukuta umeinama kwenye mzigo unafunga kamba, na naweza kukuuliza tumekutana kwenye harusi hatujaonana miaka sita, maneno ni yaleyale, we mwenyewe unajua kutokana na mahali tulipo kwamba huyu anauliza kamba au anauliza maisha. Kiswahili kimemwachia msikilizaji hiyo kazi na hatujawahi kugombana. Mwingereza hamwachii mtu, yeye kaikata hiyo -na- vipande viwili, cha kwanza "What do you do?" na cha pili "What are you doing?", na kila ukifungua mdomo lazima uchague kimoja, huna pa kujificha.

Na shuleni tulipotezwa mapema, hapa nawalaumu walimu na mimi nimo. Ubaoni tuliandikiwa "ninakula = I am eating", halafu chini yake "mimi hula = I eat", ukaambiwa kariri. Sasa we niambie, nani mtaani Moshi anasema "mimi hula"? Hiyo "hu" utaisikia kwenye methali na kwa watu wa pwani wenye lugha yao, sisi wengine tukitaka kusema kitu cha kila siku tunatumia -na- ileile, kwa hiyo kichwani "I eat" ikakosa mwenyewe na "I am eating" ikabeba mizigo yote. Mtoto anafika kidato cha nne, kila -na- anayokutana nayo anaigeuza "am" na "-ing" bila kufikiri.

Lakini ngoja, si kweli kwamba hatuna namna ya kuvitenganisha. Tunayo, tena tunaitumia kutwa, sema walimu wa Kiswahili wakiisikia wanakunja uso. Ni hii -ga. Nabebaga. Naendaga. Anakujaga. We ukimwambia mshikaji "mi nabebaga kilo ishirini" hakuna atakayegeuka kukuangalia mgongoni aone mzigo uko wapi, anajua unaongelea kazi yako. Ila ukisema "subiri, nabeba maji" anajua ni sasa hivi. Basi hiyo -ga ndo simple present ya Mwingereza, au kama -ga unaionea aibu tumia "huwa", huwa nabeba, huwa naenda, ni kitu kilekile. Kabla hujafungua mdomo ipitishe sentensi yako hapo: ikikubali -ga ni "I carry", ikikataa -ga inataka "sa hivi" ndo "I am carrying". Swali la yule mama lingekuwa "huwa unafanyaga nini wewe?", na ungelisikia hivyo tu jibu lingekuja lenyewe, "I'm a porter" au "I work as a porter". Kwenye mtihani wa Kiswahili usiandike -ga tafadhali, hii ni siri yetu ya kujifunzia Kiingereza.

Faida ya kipimo hiki utaiona zaidi kwenye kukanusha, kwa sababu huko Kiswahili kinaficha zaidi. Mgeni kakukaribisha bia baada ya kushuka, we hunywi pombe kabisa, Kiswahili unasema "sinywi" na yameisha, ila hiyo "sinywi" inaweza kuwa ya leo na inaweza kuwa ya maisha. Wengi wanasema "I'm not drinking", na mgeni anaelewa kwamba leo hujisikii, labda uko kwenye dawa, kesho anakuletea nyingine na keshokutwa nyingine. Ulichotaka kusema ni "sinywagi", na hiyo ni "I don't drink". Fupi, haina ufafanuzi, na hakuletei tena.

Turudi kwenye barua yako sasa, maana hapo kila mstari umezungushiwa lakini makosa si ya aina moja, na aliyekuzungushia alipaswa kukwambia.

"I am living in Moshi" sio kosa la sarufi. Kuna mazingira Mwingereza mwenyewe anaisema, akiwa kahamia mahali kwa muda, kapanga miezi mitatu anasubiri kitu kingine. Kwa hiyo mwenye kampuni akiisoma anapata picha ya mtu wa kupita, leo yuko Moshi kesho haijulikani, wakati we umezaliwa hapo na kitovu chako kiko hapo. "I live in Moshi" ndo inayokuonyesha una makazi. Vilevile mtu akisema "I'm working at a hotel" na mwingine "I work at a hotel", wa kwanza anasikika kama wa kibarua cha kujishikiza, wa pili ana kazi. Kama kweli ni kibarua basi sema hiyo ya kwanza, ni halali yake.

"I am speaking English" hiyo ni taarifa ya kwamba mdomo wako sasa hivi unatoa Kiingereza, na kwenye barua hata haiwezekani, barua haiongei. Ukitaka kusema unakijua, ni "I speak English". Ipitishe kwenye kipimo, huwa naongea Kiingereza, inakubali.

"I am knowing the mountain" ndo kosa lenyewe hasa, na hapa -ga haitakusaidia sana kwa sababu we ukijichunguza unaona mbona naujua mlima sasa hivi hivi, kwa nini nisiweke ya sasa hivi? Kipimo chake ni kingine. Chukua simu jirekodi video. Kubeba kunaonekana kwenye video, kutembea kunaonekana, kupika, kufunga hema, kuongea, vyote vinaonekana vikianza na vikiisha. Haya sasa rekodi kujua. Rekodi kutaka. Rekodi kumiliki, kuamini, kuhitaji, kuelewa. Utarekodi mtu kakaa tu. Vitenzi vya namna hii, "know, want, need, believe, understand, own, belong" na wenzao, Kiingereza cha kawaida hakivipi -ing hata kama jambo liko sasa hivi kabisa mbele ya macho yako. Mgeni kakaa chini kichwa kinamuuma anataka maji sekunde hii, bado ni "she wants water", sio "she is wanting".

"Have" ina vituko vyake. Ukiwa nacho kitu, "I have two brothers", "we have four tents", usiguse -ing kabisa. Ila "have" ikimaanisha kula au kunywa au kupata shughuli fulani inakuwa tendo la kuonekana kwenye video, kwa hiyo "the guests are having lunch" ni sawa kabisa. "Think" nayo hivyohivyo, "I think it will rain" ni mtazamo wako, "I'm thinking about it" ni kwamba ubongo unazunguka bado hujaamua. Najua kuna mjanja ataniuliza mbona McDonald's wana tangazo lao tangu 2003 linasema "I'm lovin' it", na "love" si iko humo kwenye visivyorekodika? Ndiyo, iko humo, na utamu wa lile tangazo umetokana na hilo, wamevunja makusudi ili sikio lishtuke, kama sisi matangazo yetu yanavyotuharibia Kiswahili kila siku ili tukumbuke bidhaa. We huuzi baga, unaomba kazi.

Afu kuna upande wa pili wa hili ambao ndo unawachanganya hata watu waliosoma, ni -me- yetu. Sisi "amelala, amekaa, amesimama, amevaa" tunaona ni kitu kilichokwisha kufanyika, kumbe Mwingereza anakiona kinaendelea, kwa hiyo mgeni amelala ni "he is sleeping", amevaa koti jekundu ni "she is wearing a red jacket". Halafu "nimeelewa" ambayo nayo ni -me-, hiyo kwake ni "I understand", simple present peke yake. Na "nimechoka" haina hata kitenzi cha maana, ni "I'm tired". Kwa hiyo ukiwa unatafsiri viambishi kimoja kimoja utapotea tu, uliza hali halisi: kinaonekana kwenye video kinaendelea, au ni hali tu, au ni desturi.

Haya, hiyo s.

Nianze na lawama maana najua unayo: kwa nini "I carry, you carry, we carry, they carry" zote zimetulia, afu "he" akiingia tu inakuwa "carries"? Jibu ni kwamba hicho ni kipande kilichobaki kwenye nyumba iliyobomoka. Zamani vitenzi vya Kiingereza vilikuwa na mikia mingi kulingana na nani anatenda, kama sisi tulivyo na ni-, u-, a-, tu-, m-, wa- kule mbele, ikapukutika mmoja mmoja mpaka ukabaki huu wa yeye. Na hata huo hapo kale haukuwa s kwa kila mtu, wa kusini walisema -eth, s ilitoka kaskazini mwa Uingereza ikasambaa taratibu. Kama umewahi kushika Biblia ya King James ya 1611 umeiona, Zaburi ya 23 inasema "He maketh me to lie down in green pastures: he leadeth me beside the still waters". Hiyo "maketh" ndo "makes" ya leo. Na huko Norfolk mashariki mwa Uingereza mpaka leo kuna wanaoongea lahaja ya kwao wanasema "she go" bila s yoyote, hao hawachekwi kwa sababu ni kwao, sisi ndo tunachekwa.

Na usiseme s ni ya kazi gani wakati "he" ameshajulikana. Kwani sisi tukisema "Juma anabeba", Juma si ameshatajwa, hiyo a- ni ya nini? Mbona husemi "Juma nabeba"? Ni tabia ileile, kitenzi kinamtaja mtendaji mara ya pili, tofauti yetu kinamtajia mbele na wao nyuma. Mimi wanafunzi wangu nawaambia s ni a- iliyotembea ikakaa mwisho, baada ya hapo wanaacha kuionea kinyongo.

Kinachokufanya uiweke isipotakiwa nadhani nakijua. Umekariri kwamba s ni ya wingi, "one bag, two bags", kwa hiyo ukisema "the porters" kichwa kinakwambia wako wengi, weka s na huku, unatoka na "the porters carries". Chukua sheria hii ya mtaani: kati ya mtendaji na kitenzi s ni mzigo mmoja na anayebeba ni mmoja. "The porter carries", s iko kwa kitenzi. "The porters carry", s iko kwa mtendaji. Wakibeba wote wawili umekosea, na asipobeba yeyote uwe na sababu. Sababu zipo chache, kama "I" na "you" ambao hawabebi kabisa, au maneno kama "people" na "children" ambayo yameshakuwa wingi bila s, "people get sick up there", kamwe usiseme "people gets". Na kuna wakorofi kama "bus" wana s ya kuzaliwa, "the bus stops here", hao wasikuvunje moyo, asilimia kubwa ya siku yako sheria inafanya kazi.

Maandishi yake sitakaa sana. "Carry" inakuwa "carries", "watch" inakuwa "watches", "go" ni "goes", "have" ni "has", "play" inabaki na y yake, "plays". Kwenye kutamka angalia mbili tu, "says" inatamkwa "sez" na "does" inatamkwa "daz", ukitamka kama zilivyoandikwa watakuelewa ila wataona umejifunzia kwenye karatasi.

Ukija kwenye kuuliza na kukanusha ule mzigo unahama bega. "He carries" ukiuliza unaleta "do", na s inarukia kwenye "do" inakuwa "does", kitenzi kinabaki mtupu: "Does he carry?" "He doesn't carry." Kosa la "does he carries" na "he doesn't knows" ni lilelile la wawili kubeba begi moja. Na kama unaona ajabu kitenzi kuvuliwa hivyo jiangalie mwenyewe, "anabeba" ukiikanusha si unasema "habebi", -na- imekimbia na mkia umegeuka kuwa i, hakuna Mswahili anayesema "hanabeba". Kila lugha ikikataa inabadilisha nguo. Kwa vitenzi kama hivi sehemu moja tu "do" haiji, ni pale unapouliza nani ndo mtendaji, "Who carries the tents?" na sio "Who does carry the tents?", maana nafasi ya mtendaji imeshikwa na "who" mwenyewe.

Kabla sijasahau, kwenye ujumbe wako wa kwanza kulikuwa na "I'm agree", hukuliweka kwenye swali lakini nimeliona. Hilo na "I'm live in" nayaona kila wiki. Yanatokea kwa sababu tulifundishwa "I'm" tangu darasa la kwanza kwa kuimba "I'm fine" mpaka tukaamini "I'm" maana yake ni "mimi". Sio. "I" ndo mimi, hiyo m ni "am". Kwa hiyo "I'm agree" ni "mimi ni nakubali". Sema "I agree", basi. Na wale wa kuandika "Am coming" kwenye meseji, hiyo nyingine, wameisikia "I'm" kwa sikio wakaandika walichosikia.

Sasa nikupe sehemu ambayo kwako ndo ina hela. Mwongoza wageni, nimekwepa makusudi kuandika lile neno la Kiingereza kwa tahajia yetu maana linatoka "gaidi" na hatutaki polisi, anaongea simple present kuliko mtu yeyote mlimani. Maelezo ya jioni kwenye hema la chakula karibu yote ni hiyo. Mambo yasiyobadilika: "Kilimanjaro has three cones, Kibo, Mawenzi and Shira." "Uhuru Peak stands at 5,895 metres." "Most of the rain falls on the southern side." "At Kibo Hut water boils below 90 degrees, so rice takes a long time." Hiyo ya maji ina historia kwangu, nikiwa mwalimu mpya kabisa nilisimama mbele ya darasa nikasema kwa kujiamini "water is boiling at 100 degrees", mkaguzi kakaa nyuma ya darasa na daftari lake, akainua kichwa akaangalia kulia akaangalia kushoto akaniuliza sufuria iko wapi. Sijarudia mpaka leo. Ila ukifika kwenye habari ya Hans Meyer aliyefika kileleni 1889 umeshatoka kwenye simple present, hiyo ni "reached", imepita.

Ratiba nayo ni ya kwake hata kama ni ya kesho, na hapa watu wanashangaa. "Tomorrow we leave Horombo at eight and we reach Kibo Hut in the afternoon. We sleep a little, and around midnight we start for the summit." Hakuna "will" hata moja na yote ni ya baadaye, kwa sababu ni mpango uliokwisha pangwa kama ratiba ya treni, na sisi si ndo hivyohivyo, "kesho tunaondoka saa mbili". Angalizo la mzoefu hapo, saa mbili yetu ni "eight", nimeshasikia habari za kikundi kilichoambiwa "two o'clock" kikajiandaa kuamka usiku wa manane.

Kuna moja inanifurahisha kuliko zote kwa sababu Kiswahili kinakupa jibu bure. "Tukifika Gilman's Point tutapumzika." Wengi wanasema "when we will reach Gilman's Point we will rest", na hiyo "will" ya kwanza ni kosa. Wameitoa kwenye "tutakapofika", ambayo ina -ta- ndani yake. Sasa we achana na "tutakapo", tumia -ki- kichwani: tukifika, ukichoka, mvua ikinyesha, kichwa kikiuma. Unaiona -ta- humo? Haimo. Basi na "will" haimo: "when we reach", "if you feel tired", "if it rains", "if your head hurts, you tell me". Kila -ki- ya namna hii ni simple present. Ukilikamata hili tu umewapita watu wenye shahada, nasema kweli.

Na ukitaka burudani angalia vichwa vya habari. Gazeti la Kiingereza litaandika "Parliament passes budget" wakati bajeti imepita jana, unashangaa mbona wametumia ya sasa. Kisha angalia gazeti letu: "Bunge lapitisha bajeti". Lapitisha, sio limepitisha. Ujanja ni uleule.

Maneno ya mara ngapi, "always, usually, often, sometimes, never", yanakaa kabla ya kitenzi, "I always check the guests at night", ila yanakaa baada ya "am, is, are", "it is usually cold". Sisi tumezoea kuyatupa mwisho au mwanzo, "siku zote" popote inakaa, kwa hiyo hilo ni la mazoezi ya mdomo zaidi kuliko kuelewa.

Barua yako nimeichezea kidogo, uone. Mwanzo uache na -ing yake, "I am writing to apply for a job as a mountain guide", hapo iko sawa kwa sababu kweli ndo unachofanya wakati huo, unaandika. Baada ya hapo hamia moja kwa moja: "I live in Moshi. I speak Swahili and English. I know the Marangu and Machame routes well. At the moment I work as a porter, and I often help the guides with sick guests." Hiyo "often help" nimeiweka kwa kubahatisha, kama haujawahi kumsaidia mgonjwa itoe, wakikuita kwenye intavyuu ndo kitu cha kwanza watauliza. Miaka minne usiiseme kwa simple present, sema "I have worked on the mountain for four years", hiyo ni mada nyingine na ina kelele zake, tutaongea siku nyingine.

Na yule mama akirudi msimu ujao akuulize tena "What do you do?", ndoo unayo mkononi au hauna, mwambie "I'm a porter, I carry about twenty kilos and I talk too much." Natamani ungemalizia na "next month I start as a guide", ila hiyo "start" ni simple present ya ratiba, ukiisema umemwambia mambo yameshakamilika tarehe inajulikana. Mpaka barua ijibiwe sema "I hope to start", na hiyo "hope" usiitie -ing, hairekodiki kwenye video.